Mashine Mnagawa, Mkono Hamgawi

Tumeyaona haya mara nyingi mpaka tunaweza kuyasimulia tukiwa tumefumba macho. Hema limefungwa kwenye uwanja wa shule. Kuna viti vya plastiki, spika mbili, na MC anayechekesha watu mpaka mheshimiwa afike. Mbele ya jukwaa mashine zimepangwa mstari, cherehani upande huu, mashine za kufuma sweta upande ule, kila moja imefungwa utepe. Jina la kikundi linatajwa. Mwenyekiti na mweka hazina wanatoka wakicheza, wanashika mashine, wanapigwa picha. Kufikia jioni picha iko Facebook na maandishi yanasema akina mama wameinuliwa. Kesho yake mashine iko sebuleni kwa mwenyekiti, na mle ndani hakuna mtu anayejua uzi unaanzia wapi.

Baada ya mwaka mmoja mashine iko pale pale, imefunikwa leso, juu yake pamewekwa redio. Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Hawa akina mama ni wavivu." "Walipewa, wakashindwa." "Mtu wetu hasaidiki, bana." Yule aliyeileta mashine hatajwi kwa lolote isipokuwa ukarimu.

Mimi nasema wazi: kumpa mtu asiyejua kufuma mashine ya kufuma, bila mwalimu, bila uzi wa kujifunzia, na bila miezi ya kujifunza, ni kumtwika mzigo na kumngojea auangushe. Na tukiendelea kupiga makofi kila utepe unapokatwa, basi na sisi tumo.

Najua jibu litakalokuja. "Lakini hiyo ni mashine, inafuma yenyewe. Si unasukuma tu huku na huku?" Jibu hili limeharibu vikundi vingi kuliko wizi, na anayelitoa kwa kawaida hajawahi kusimama mbele ya mashine hata dakika kumi. Kwa hivyo hebu tuiangalie mashine yenyewe.

Nyingi ya mashine za mkono tunazoziona kwa mafundi wa sweta zina vitanda viwili vya chuma vilivyoinamiana kama paa la nyumba. Kila kitanda kina mifereji, na katika kila mfereji mmelala sindano. Sindano hii haifanani na ya cherehani. Kichwani ina ndoano, na nyuma ya ndoano ina ulimi mdogo unaofunguka na kufunga. Mwingereza Matthew Townsend wa Leicester ndiye aliyeombea hataza sindano hii ya ulimi mwaka 1847, na mpaka leo kazi inategemea ulimi ule ule. Juu ya vitanda hupita keriji, kile chuma kizito ambacho fundi anakisukuma kushoto na kulia. Keriji ikipita, sindano inasogea mbele, kitanzi cha zamani kinateleza nyuma ya ulimi, uzi mpya unaingia kwenye ndoano, sindano inarudi nyuma, ulimi unafunga, na kitanzi cha zamani kinaruka juu ya kipya. Hapo umepata kitanzi kimoja. Mpito mmoja wa keriji unafanya hivyo kwenye sindano mia na zaidi, katika sekunde moja au mbili.

Sasa fikiria mambo yanayoweza kwenda mrama katika sekunde hiyo. Ulimi mmoja umepinda, kitanzi hakiruki. Uzi umekazwa mno, sindano zinakataa kurudi na keriji inakwama katikati. Uzi umelegea mno, vitanzi vinakuwa vikubwa kama wavu wa samaki. Vyuma vya uzito vinavyovuta kitambaa chini havijasogezwa juu kazi inapokua, na vitanzi vya pembeni vinajikunja na kudondoka. Koni ya uzi imewekwa vibaya, uzi unakwama, na kipande kizima kinaanguka sakafuni kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Yote hayo humpata kila mwanafunzi katika wiki ya kwanza. Fundi aliyekomaa anaisikia keriji ikibadilisha sauti na anasimama kabla haijakwama. Sikio hilo halimo kwenye kijitabu cha maelezo, na halifungwi pamoja na mashine kwenye boksi.

Kwa hivyo anayeanza anajifunza nini, na kwa mpangilio gani? Siku za kwanza hafumi sweta. Anajifunza kupitisha uzi: kutoka kwenye koni, juu kwenye mlingoti, kupitia kikazio, mpaka mdomoni mwa keriji. Anajifunza kuanzisha vitanzi, kutundika kitana na vyuma vyake, kisha kufuma mistari ishirini na kuifumua. Anafuma tena, anafumua tena. Anajifunza kuokota kitanzi kilichoanguka mistari mitano chini, akikipandisha ngazi kwa ngazi na sindano ya mkononi. Anajifunza tofauti ya kufuma kwenye kitanda kimoja na kufuma ribu kwenye vitanda vyote viwili, ile ribu inayofanya kiuno cha sweta na ncha za mikono vinyumbuke. Kiswahili chetu kimeziweka kufuma na kufumua jirani kabisa, na mwanafunzi wa mashine anaishi kati ya hayo maneno mawili kwa wiki nyingi.

Halafu zinakuja hesabu, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu kazi hii imetangazwa miaka yote kuwa ya "walioanguka mtihani". Anayesema hivyo na afanye hesabu hii. Unafuma kipande cha kupimia chenye sindano 40 na mistari 60. Unakitoa kwenye mashine, unakiacha kipumzike mpaka kirudi umbo lake, ndipo unakipima. Tuseme upana ni sentimita 16 na urefu ni sentimita 15. Hivyo kila sentimita moja ina vitanzi viwili na nusu kwa upana, na mistari minne kwa urefu. Mtoto ana kifua cha sentimita 76, unamwongezea nafasi ya kupumua mpaka 84, kwa hivyo mbele ni sentimita 42. Zidisha: vitanzi 105. Kutoka ribu mpaka kwapani ni sentimita 30, basi mistari 120. Shingo ni ya V, kama sweta nyingi za shule, kwa hivyo unahitaji kitanzi kimoja cha katikati na 52 kila upande. Nusu moja inasubiri kwenye mashine bila kufumwa huku unaifuma nyingine, ukipunguza kitanzi kimoja kila baada ya mistari kadhaa ili mteremko wa kulia ufanane na wa kushoto.

Na akikosea hatua moja ndogo tu? Tuseme ana haraka, amekipima kipande kikiwa bado kinaning'inia na vyuma vimekivuta. Urefu unaonekana sentimita 18 badala ya 15. Anapiga hesabu, anapata kwamba sentimita 30 zinataka mistari 100. Anafuma, anaunganisha, anampa mtoto. Sweta imepungua sentimita tano na kitovu kiko nje. Mzazi anarudisha, na habari inafika sokoni kabla ya saa sita. Mama huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuwa na mtu wa kumwambia, "Mama, toa kwanza hizo vyuma. Wacha ipumzike."

Ukijumlisha yote, unaona kwamba anayeanza anahitaji kitu ambacho sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye hotuba hata moja: uzi wa kuharibu. Namaanisha koni kadhaa za uzi ambazo kila mtu amekubali tangu mwanzo kwamba hazitatoa sweta yoyote. Zitafumwa na kufumuliwa mpaka nyuzi ziote manyoya, kisha zitupwe. Uzi ni pesa. Kikundi kikipewa mashine bila uzi kinachanga, kila mwanachama anatoa kidogo kutoka kwa pesa za chama, koni zinanunuliwa, na kuanzia hapo kila kitanzi kinachoanguka ni pesa ya mtu. Mwanafunzi anaogopa kufumua kwa sababu wanachama wanamwangalia. Asiyefumua hajifunzi. Mwezi wa pili anaacha kuja, na wenzake wanashukuru kimoyomoyo kwa sababu angalau uzi umebaki.

Bado sijataja mashine zenyewe. Kuna zile ndogo za nyumbani, zinazokuja zikiwa zimetumika ng'ambo. Ya kawaida ina sindano 200 zilizoachana milimita 4.5. Katika aina nyingi za mashine hizi, sindano zinashikiliwa na ukanda mwembamba wenye sponji ndani yake, umepitishwa juu ya kitanda toka mwanzo hadi mwisho. Sponji inazeeka. Hata mashine ikiwa imekaa stoo bila kuguswa, sponji inageuka kuwa unga au utomvu. Ikifa, sindano zinalegea na kucheza, vitanzi vinadondoka ovyo, na keriji inaweza kugonga sindano iliyojitokeza na kuivunja. Kila anayezifahamu mashine hizi anajua kwamba unaponunua iliyotumika, kitu cha kwanza kuangalia ni huo ukanda. Anayeanza hajui hata kwamba ukanda upo. Anafuma wiki tatu, kila siku vitanzi vinaanguka, na kila siku anajilaumu: mkono wangu ni mzito, mimi si mtu wa mashine. Kumbe tatizo ni kipande cha sponji, na mafundi wengine huibadilisha wenyewe kwa kukata nyingine ya unene unaofaa. Lakini ili ujue hivyo ni lazima uwe na fundi wa kumuuliza.

Hapa wengine wataniambia, "Si kuna YouTube?" Ipo, na ina walimu wazuri sana, sikatai. Lakini wengi wao wanafundisha kwa Kiingereza, kwenye mashine ndogo ya kitanda kimoja, huku wewe umepewa lile lichuma la vitanda viwili. Unaangalia kitufe ambacho kwako hakipo. Bando linaisha video ikiwa nusu. Na hata ungekuwa na intaneti ya bure, video haiwezi kukushika mkono. Anayeanza karibu kila mara anaisukuma keriji kwa kuikandamiza chini, au anaigeuza kabla haijapita sindano ya mwisho, na mwenyewe hawezi kuona anachokifanya. Fundi akiwa kando anasema, "Pole pole, usiikandamize. Ngoja ipite ya mwisho ndio urudi." Sentensi mbili zinaokoa mwezi mzima.

Tusijidanganye kwamba tatizo hili limeletwa na wanasiasa wa leo peke yao. Lina mizizi. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa. Katika vilabu vyake wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kupika na usafi wa nyumba, na serikali ilivitumia vilabu hivyo kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Wako waliotumia ujuzi huo kujipatia riziki, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya sifa hiyo. Lakini tangu siku hizo tulirithi wazo kwamba kufuma ni kitu cha kumshughulisha mwanamke, kumkalisha mahali, kumfanya aonekane ana kazi. Ukiliamini wazo hilo, hutajali sana kama amejifunza au hakujifunza. Kwako, kule kukaa kwake mbele ya mashine tayari ni mafanikio, na picha inatosha.

Tulirithi pia wazo bora zaidi, tukaliacha lichakae. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya, pamoja na shirika la elimu la makanisa, walitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi wataenda wapi. Kutokana na fikra hizo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, mahali ambapo kijana angejifunza kazi ya mikono karibu na nyumbani kwao, kwa gharama ambayo wenyeji wanaimudu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti vyuo hivyo, na kando yake ikataja vituo vya mafunzo ya ufundi wa nyumbani. Imeandikwa kabisa, si mimi niliyeitunga. Kwa hivyo kiongozi wa kaunti anayegawa mashine uwanjani bila mpango wa mafunzo anafanya kazi ya jukwaani na kuiacha ile aliyopewa na Katiba.

Ukilalamika hivi utaambiwa unapinga maendeleo. Lawama hiyo ni ya zamani kuliko Kenya yenyewe, na jambo la kushangaza ni kwamba ilizaliwa kwenye mashine za kufuma. Mashine ya kwanza ya kufuma ilibuniwa na William Lee wa Calverton, Uingereza, mwaka 1589. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, mwaka 1811, wafumaji wa eneo hilo hilo la Nottingham walianza kuvunja mashine usiku. Hao ndio walioitwa Luddites, na mpaka leo jina lao hutumiwa kumtukana mtu anayeogopa teknolojia. Lakini wale watu hawakuwa wakiogopa mashine. Baba zao na babu zao walikuwa wameishi nazo. Walikuwa na malalamiko yanayoeleweka: mishahara kushushwa, mashine walizokodishiwa na matajiri kwa kodi iliyokatwa kwenye malipo yao, soksi hafifu zilizokatwa kutoka kwa kitambaa kipana na kushonwa badala ya kufumwa kwa umbo la mguu, na watu ambao hawajamaliza uanagenzi kuwekwa kwenye mashine ili wafanye kazi kwa malipo duni. Bunge lilijibu mwaka 1812 kwa sheria iliyofanya kuvunja mashine kuwa kosa la kunyongwa. Katika nchi iliyovumbua mashine hii, wafumaji walikuwa tayari wanajua kwamba mashine bila uanagenzi inashusha bidhaa, inashusha malipo, na inamwumiza hata yule asiyejua aliyewekwa pale. Sisi tumekipuuza kilio hicho, na juu yake tukafunga utepe.

Nikiwalaumu wakubwa ni lazima niwageukie na mafundi wetu pia. Wako wanaofundisha vizuri, Mungu awabariki. Lakini kila anayefahamu vibanda vya sweta anaujua ule mtindo mwingine. Mwanafunzi analipa ada, anaambiwa aanze kwa kufagia, kisha kukunja uzi kwenye koni, kisha kushona vifungo na kuunganisha mikono ya sweta za watu. Miezi sita inapita na keriji hajaishika zaidi ya mara tatu, kwa sababu mashine ina oda. Fundi anaogopa kwamba ukijua utahamia ng'ambo ya barabara uwe mshindani wake. Hofu hiyo naielewa. Soko ni dogo, na kufundisha kunamlia fundi saa ambazo angefuma. Ndiyo maana nasema fundi alipwe kwa kufundisha, alipwe vizuri, na alipwe kulingana na idadi ya wanafunzi walioweza kumaliza sweta nzima peke yao. Tumetaka ufundi upitishwe bure na watu ambao wenyewe wanahesabu kodi ya kibanda, halafu tunashangaa wakificha.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Linasema: hata wakijifunza watauzia nani? Mtumba umejaa, sweta za ng'ambo ni rahisi, ya nini kumpotezea mtu mwaka? Ni swali la haki. Lakini nenda Limuru, Kinangop, Molo au Timboroa asubuhi ya mwezi wa saba, uhesabu watoto waliovaa sweta za shule. Sweta ya shule ina rangi yake, mistari yake na shingo yake. Mtumba hauwezi kuileta. Sweta hiyo inachakaa, mtoto anakua, na kila Januari mahitaji yanarudi upya. Uzi wa akriliki unasokotwa hapa hapa, Eldoret na Nakuru. Soko lipo. Tatizo ni kwamba katika shule nyingi lina mlango mmoja na mwenye ufunguo ni mmoja. Mzazi anapewa karatasi imeandikwa duka la kununulia. Akimpelekea jirani yake fundi oda hiyo, mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu rangi "haijakaa vizuri". Wizara ya Elimu imeonya mara nyingi kwamba wazazi wasilazimishwe kununua mahali pamoja, na kila Januari karatasi zinatoka tena.

Kwa hivyo wale wale wanaogawa mashine uwanjani wa shule wangeweza, bila kununua hata sindano moja, kuingia ofisini mwa mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo na kuuliza swali moja: kwa nini sweta ya watoto hawa haiwezi kufumwa na kikundi nilichokipa mashine? Shule itangaze rangi ya uzi, upana wa mistari na kina cha shingo, karatasi ibandikwe getini, na yeyote anayeweza kufuma kwa kipimo hicho aruhusiwe kuuza. Hilo lingewafaa mafundi kuliko hema kumi. Lakini halina utepe wala muziki, na lina hatari ya kumkasirisha mtu mwenye duka.

Wengine wanasema vijana wafundishwe kompyuta, haya mambo ya uzi yamepitwa. Sina ugomvi na kompyuta. Viwandani mashine za kufuma siku hizi zinaendeshwa na kompyuta, na anayezipangia muundo ni lazima ajue kitanzi ni nini, ribu inafanya kazi vipi, na kwa nini kitambaa kinajikunja pembeni. Aliyejifunza kwa mkono anaingia pale akiwa na maarifa tayari. Na hata asipofika huko, hesabu ya vitanzi 105 ni hesabu. Binti aliyeambiwa shuleni kwamba hawezi uwiano anautumia mara kumi kwa siku, na akikosea sweta inamwambia.

Natamani kila mashine inayotolewa kwa pesa za umma itolewe kwa masharti haya: iwe imekaguliwa na fundi, iwe na sindano za akiba, iwe na uzi wa kuharibu, na iwe na mwalimu anayelipwa kwa angalau miezi sita. Kwa bei ya mashine kumi pengine utaweza kugharamia tano tu kwa mpango huo. Basi zigawanywe tano. Picha ipigwe mwezi wa sita, na kwenye picha hiyo mheshimiwa asimame pembeni, mbele awe mtoto aliyevaa sweta inayomkaa.

Lakini masharti ya aina hiyo hayatateremka yenyewe kutoka juu. Kwa hivyo namalizia na nyinyi, akina mama na vijana wa vikundi, ambao wiki ijayo au mwezi ujao jina lenu litasomwa kwenye spika. Mnaruhusiwa kuuliza kabla ya kucheza. Ulizeni mashine hii imefumwa kitu lini mara ya mwisho, na nani ameiona ikifuma. Ulizeni uzi wa miezi mitatu ya kwanza unatoka wapi. Ulizeni jina na simu ya fundi atakayekuja kufundisha, na nani anamlipa. Ulizeni sweta za shule hii zinanunuliwa wapi na mkataba huo unaisha lini. Ulizeni kwa heshima, kwenye maikrofoni, watu wote wakisikia. Wakijibu vizuri, chukueni mashine na mshukuru kwa moyo wote. Wakisema mambo hayo yatashughulikiwa baadaye, waambieni basi mashine nayo iletwe hiyo baadaye, fundi akiwa amefika.